Muhogo wa Kwemivumo

Malori mawili yalifika Kwemivumo mwezi wa saba mwaka 1974, mahindi yakiwa yamekauka shambani yanangoja kuvunwa. Aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu watoe vyombo nje alikuwa Mhina, balozi wa nyumba kumi. Katibu kata, ndugu Habakuki, alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba watu wakilisikia jambo kwa mwenzao hawatabisha. Kweli hawakubisha sana. Walimwuliza tu, mahindi je? Mhina akawajibu kama alivyojibiwa yeye: watu wahame kwanza, mavuno yatafuatwa baadaye kwa gari.

Aliamini alichokisema. Ndilo lililokuja kumtesa kuliko mengine yote, kwamba hakuwa hata mwongo.

Mgambo walipanda juu ya nyumba wakaangusha mapaa ili mtu asiwe na pa kurudi. Mama yake Mhina, bi Chausiku, alikaa uani juu ya kinu kilicholazwa, akawatazama mpaka walipoimaliza nyumba aliyozalia watoto saba. Hakulia. Aliuliza tu muhogo wake utapanda lori lipi, na kijana mmoja wa mgambo akacheka. Shamba lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, ekari mbili hivi, muhogo wa miaka miwili ulioshiba. Bibi yule alikuwa ameiona njaa akiwa msichana, akamzika mdogo wake, na tangu hapo hakuwahi kukubali msimu upite bila muhogo ardhini.

Kijiji kipya kiliitwa Juhudi. Kilikuwa kando ya barabara, kupita Misima, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka Kwemivumo. Walipangwa kwa mistari, kila nyumba na kiwanja chake, kwenye ardhi ya changarawe ambayo hakuna Mzigua aliyewahi kuihangaikia. Gari la mavuno halikuja. Mwezi wa nane waliambiwa hakuna mafuta. Mwezi wa tisa waliambiwa gari limekwenda kuhamisha watu wengine. Walioamua kurudi kwa miguu walirudishwa njiani, kwa sababu anayerudi alihesabiwa kuwa anapinga operesheni ya kuhamia vijijini. Wachache waliopenya walikuta nguruwe na nyani wamebakiza mabua. Kisha mvua za vuli zikakosekana. Shamba la pamoja lilipandwa mara mbili, na mara zote mbili mbegu zilifia mchangani.

Mkewe Mhina, Mwantumu, alikuwa na kaka yake huko Hale, mtu aliyekuwa na bustani kando ya mto. Huyo akawatumia madebe mawili ya mahindi. Yakaishia kwenye kizuizi cha barabarani, maana nafaka haikuruhusiwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Mhina akaenda Handeni kutafuta kibali. Alikaa siku tatu kwenye benchi la ofisi. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, kila asubuhi alimpa shikamoo, na siku ya tatu akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mkubwa wa kutia saini yuko Tanga, kwenye mkutano wa kujadili upungufu wa chakula. Haijulikani atarudi lini. Mhina akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi wa kwanza, siku moja asubuhi, bi Chausiku aliondoka na jembe na kikapu. Walidhani amekwenda kutafuta majani ya mlenda. Jua likazama hajarudi, na kesho yake Mhina akazunguka vichaka vyote vya karibu akiita mpaka sauti ikamkauka. Siku ya nne akapita Sironka, Mmasai ambaye miaka yote alinywesha ng'ombe wake karibu na Kwemivumo.

"Mama yako yuko kwake," Sironka alisema. "Amejiezekea kibanda pale penye jiko lake. Anachoma muhogo, na mke wangu anampelekea maziwa."

"Muhogo bado upo?"

"Nguruwe wamekula upande mmoja tu. Mwingine ni mwingi. Amesema nikuambie uende na watoto."

Mhina alimpa habari Mwantumu, na kwa mara ya kwanza tangu vuli akamwona mkewe anacheka. Wakakubaliana waondoke alfajiri ya siku ya pili yake. Lakini Sironka hakuwa amemwona Mhina peke yake, na maneno hayakukaa. Jioni ileile Habakuki alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni wilayani, amekonda kama wao, shati limemlegea shingoni.

"Mfuate mama yako umrudishe," alisema.

"Kule ana chakula, ndugu katibu. Hapa hana kitu."

"Najua. Nikimwacha yeye, kesho wataondoka ishirini, na mimi nitaulizwa. Chakula cha msaada kiko njiani, kitagawiwa kwa walioandikishwa hapa. Asiyekuwepo anafutwa. Na balozi anayeficha mtu anafutwa yeye na watoto wake. Usipokwenda nitatuma mgambo."

Mhina aliwajua mgambo. Wangekichoma kibanda na kumburuta. Asubuhi akaenda mwenyewe.

Alifika adhuhuri. Mama yake alikuwa ameketi kivulini anamenya, mashavu yamerudi kidogo, ngozi ina mafuta. Alimpa muhogo wa kuchoma kabla ya kumwuliza neno. Mhina alikula vipande vinne akiwa amesimama. Ndipo bi Chausiku akauliza mbona hakuja na watoto.

Akamweleza yote: orodha, mgambo, chakula kilichoko njiani. Alipokuwa akisema alijisikia anavyosema vilevile kama siku ile ya malori.

"Na wewe mwenyewe unaonaje?" mama akamwuliza.

"Sina ninaloliona, mama. Nimetumwa."

Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama amtazamavyo mtoto mwenye homa. Kisha akaufukia moto kwa mchanga. Walichimba kiasi cha kujaza kikapu na gunia moja. Mhina akabeba gunia kichwani, mama yake akatangulia na kikapu, na walipofika kwenye kilima cha mwisho miguu ya bibi ikagoma. Mhina akambeba mgongoni, akamfikisha, kisha akaurudia mzigo.

Muhogo ule ulikwisha siku mbili. Nyumba kumi zilikuwa zake kwa jina, na watoto wa nyumba hizo walikuja kusimama mlangoni Mwantumu alipoinjika chungu. Hakuna aliyeweza kuwafukuza. Mhina aliomba ruhusa arudi kuchimba mwingine. Akaambiwa asubiri, jambo lake litapelekwa kwenye kikao.

Bi Chausiku hakuugua. Kila kilichopatikana, uji wa pumba au mizizi ya porini, alionja akamsogezea mjukuu wake Kibwana. Mhina aliona. Kila siku aliona, na kila siku alitaka kusema, mama, kula. Lakini Kibwana naye alikuwa mwanawe, tumbo limemvimba na nywele zimekuwa nyekundu. Akanyamaza. Baada ya wiki tatu walimzika bibi upande wa pili wa barabara, na Habakuki alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Msaada ulifika siku nne baada ya maziko, mahindi ya njano ambayo watu waliyaita yanga. Walipanga foleni mbele ya ofisi, na katibu akasoma orodha iliyoandikwa mwezi wa kumi na mbili.

"Chausiku binti Mbelwa."

Watu wakageuka kumtazama mwanawe. Mhina alikuwa amekwisha kupokea fungu la nyumba yake.

"Yupo," akasema, akausogeza mfuko.

Habakuki aliinua macho, akamwangalia. Kisha akapima kibaba kama alivyowapimia wengine, akammiminia. Siku ile Mwantumu alipika ugali mzito. Watoto walikula wakashiba wakalala palepale sakafuni, na Mhina akaosha mkono akala na yeye.