Somo Ambalo Madame Jovithe Hakulimaliza

Madame Jovithe alikuwa mwalimu wa fizikia anayependwa, naye alijua kwamba anapendwa. Shule yake ilikuwa upande wa Mutanga Sud, mtaa wa juu mjini, na mwaka ule wa 1995 maabara ilikuwa chumba kitupu chenye rafu za vumbi. Vita vilikuwa vimeshaingia mjini. Basi alifundisha kwa chochote alichokipata: sufuria, jiko la makaa, sukari ndani ya glasi ya maji. Alipofika kwenye somo la chembe za maada, akaamua kuwatumia wanafunzi wenyewe.

Akawatoa uani. "Leo kila mmoja wenu ni chembe," akawaambia. "Chembe ndogo hata jicho haliioni. Sasa shikaneni mikono, bega kwa bega. Tetemekeni hapo hapo mlipo, lakini asihame mtu. Hiyo ni barafu."

Wakashikana, wakatetemeka, wakacheka. Akasema joto linapanda. Wakaachiana mikono, wakaanza kupishana na kuteleza baina ya wenzao, wamekaribiana bado. Hayo yakawa maji. Joto likapanda tena, wakatawanyika uani kote wakikimbia huku na huku, na huo ukawa mvuke. Jovithe alisimama katikati amekunja mikono, moyo umemjaa. Tangu vita vianze hakuwa amewaona watoto hawa wakicheka pamoja.

"Baridi sasa!" akaita. "Rudini muwe barafu!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wanafunzi walikimbilia mstari, na Révérien akajikuta karibu na Valéry. Akanyoosha mkono. Valéry akauficha wake mgongoni.

"Huyu simgusi," akasema.

Wote wakageuka kuwatazama. Hapakuwa na haja ya kueleza. Révérien alikuwa Mhutu wa Jabe, mtaa wa chini, mmoja wa wachache waliokuwa wakithubutu bado kupanda hadi shuleni. Valéry alikuwa Mtutsi, kama Jovithe mwenyewe, na kila mtu alijua kwamba kaka yake ni miongoni mwa vijana waliokuwa wakifunga barabara zile siku za mji kufa, yaani migomo ya kulazimishwa, maduka yakifungwa na watu wakipigwa mawe. Révérien alibaki amenyoosha mkono, akimtazama mwalimu.

Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Jovithe: mshike. Neno fupi tu. Lakini akamwona kaka wa Valéry akilini mwake, akaiona na njia ya kurudi nyumbani jioni, akaogopa. Akatafuta mlango wa kutokea, akaupata katika mzaha. Somo zima lilikuwa kwa Kifaransa, ila mzaha ulimtoka kwa Kiswahili cha mtaani, kile cha huko huko Jabe.

"Basi, Révérien, we baki mvuke. Potea uko!"

Darasa likaangua kicheko. Valéry naye alicheka. Révérien alishusha mkono, akaenda kusimama peke yake penye ukuta, na barafu ikaundwa bila yeye. Jovithe alikuwa bado hajaeleza jinsi mvuke unavyopoa na kurudi kuwa maji. Kengele ikalia.

Asubuhi iliyofuata kiti cha Révérien kilikuwa kitupu. Wakati wa mapumziko Jovithe alikwenda langoni kwa Zénon, mlinzi wa shule, mtu mzima asiyependa maneno mengi.

"Yule kijana wa Jabe hakuja leo?"

"Alikuja," Zénon akajibu, macho yake chini. "Wenzake walimuzuia hapa kwenye mulango. Walikuwa wanaimba: Mvuke, potea! Mvuke, potea!"

"Na wewe ukawaacha?"

"Nilisema niwafukuze. Wakaniambia ni Madame mwenyewe alisema vile. Sasa mi ni nani, Madame?"

Jovithe akarudi darasani. Ulimi hauna mfupa, walisema wazee, lakini wake ulikuwa umempiga mtoto kama rungu, na wengine wakaliokota rungu lile wakaendelea nalo. Akajiahidi kwamba atashuka Jabe kumwona, azungumze na mama yake, amrudishe shuleni yeye mwenyewe akimshika mkono.

Hakushuka upesi. Siku moja barabara zilifungwa. Siku nyingine mumewe alimsihi asiende. Siku nyingine, kusema kweli, njia ilikuwa wazi na mumewe hayupo, naye akakaa akisahihisha madaftari na kujiambia kwamba kesho ni bora. Kisha, mwezi Machi, bunduki zikalia mitaa ya Bwiza na Jabe, moshi ukapanda, na watu wakashika njia ya mpakani na magodoro vichwani.

Mji ulipotulia kidogo, Jovithe alijikaza akashuka. Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa haina mlango wala mabati. Mwanamke mmoja alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, upande wa pili wa kichochoro, akamwita. Alikuwa Mwavita, Mkongomani wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, muuza samaki wa sokoni.

"Unatafuta nani, mama?"

"Révérien. Mi ni mwalimu wake."

Mwavita akaacha samaki zake.

"Ni we Madame Jovithe?"

"Ndiye mimi."

"Mutoto alikungojea sana. Mama yake alitaka waende mapema, kwa dada yake kule ngambo, kabla mambo haijawaka. Mutoto akasema apana, mama, tungoje, Madame atakuja tu, si mutu mubaya. Wakangoja. Ile siku ya masasi ndiyo walitoka, bila hata sahani. Mama yake alipigwa risasi huku njiani, akafa. Kijana alivuka peke yake."

Jovithe akashika ukuta. Hakulia pale, alilia akiwa njiani kurudi, watu wakimpisha, kwa maana miezi ile mtu anayelia njiani hakuulizwa kitu.

Alituma salamu Uvira kwa kila aliyevuka. Hazikujibiwa. Mwaka uliofuata vita vikafika na huko, na wakimbizi wakasukumwa mbali zaidi, misituni. Jovithe aliendelea kufundisha. Lile somo alilifundisha kwa chaki ubaoni, nukta na mishale, na wanafunzi walilipata vizuri tu. Valéry alimaliza shule, akaenda jeshini.

Ilikuwa 2004, watu wakianza kurejea, Mwavita alipomletea habari: kijana amerudi, yuko kwake kwa muda. Jovithe akashuka siku ile ile.

Alimkuta mwanamume mrefu, mwembamba, akishona kiatu kilichochanika. Révérien alisimama, akamsalimu kwa mikono miwili kama mwanafunzi.

"Madame. Karibu ukae."

Jovithe hakuweza kukaa. Alisema yote akiwa amesimama: kuhusu ule mzaha na ukuta, wimbo wa langoni, na zile siku alizokaa nyumbani.

"Madame, mi nilifukuzwa kila pahali mu mji huu," Révérien akasema. "Kwenye basi, kwenye duka. Nilizoea. Kwako tu ndiyo sikuwa najitayarisha."

"Lile somo lilikuwa na sehemu ya pili," Jovithe akasema. "Mvuke ni maji yale yale. Chembe ni zile zile, hazipungui, hazigeuki kuwa kitu kingine. Zikipoa zinarudi pamoja. Nilitaka kuwaambia..."

"Najua. Nilikuwa nimeisoma kwenye kitabu kabla." Akakitazama kiatu chake. "Lakini ungeisema siku ile, Madame. Mbele yao."

Jovithe akakubali. Baadaye alimwuliza kama angependa kurudi kusoma, yuko tayari kumfundisha kila jioni. Révérien alimshukuru kwa adabu, akasema amepata kazi ya ujenzi Gitega, anaondoka na gari la asubuhi. Mwavita akaleta chai. Wakainywa wote watatu, wakazungumza juu ya mvua, bei ya maharagwe, na barabara ya Gitega kama sasa inapitika.

Alipoaga, Révérien alimsindikiza hadi barabarani, akampa mkono. Jovithe aliushika kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi, hadi kijana mwenyewe akautoa polepole, akageuka kurudi kwenye kiatu chake.