Karatasi Isiyong'aa

Katika maisha yake yote Antony Opondo alipata kumiliki karatasi moja tu iliyo nzuri kweli, na aliiharibu mwenyewe.

Ilikuwa ya pamba, nzito, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Ukipitisha kidole juu yake ulisikia vinyweleo laini kama vya shavu la mtoto. Aliiagiza Nairobi kwa ajili ya harusi ya wakubwa fulani, harusi ikavunjika, karatasi ikabaki kwenye rafu ndani ya nailoni. Duka lake lilikuwa nyuma ya soko la Kibuye, na kazi iliyomlisha, kama wachapaji wengi wa Kisumu, ilikuwa vitabu vya mazishi: picha ya marehemu mbele, wasifu ndani, karatasi ya kung'aa. Hivyo alivitoa kwa printa. Lakini pembeni alikuwa na mashine ya zamani ya chuma, ya kukanyaga kwa mguu, ile inayopiga herufi za madini ya risasi mpaka zikazama ndani ya karatasi. Hiyo aliitunza kwa mafuta na kwa ukaidi. Mlangoni alikaa Mama Becky, muuza njugu. Vipande vyote vilivyokatwa dukani vilikuwa vyake, akivikunja kuwa vifuko vya njugu.

Siku msichana alipoingia, Opondo alimtambua kabla hajasema jina. Paji la uso lilikuwa la Ajwang. Mwendo ulikuwa wake yeye Opondo, mwendo wa mtu anayetaka kuondoka hata kabla hajafika.

"Wewe ndiye Opondo wa kuchapa?"

"Ndiye mimi. Keti."

"Nitasimama tu. Mimi naitwa Lorine. Nafikiri unajua ni Lorine gani."

"Najua."

Opondo alikuwa amekaa na Ajwang, mama yake Lorine, katika chumba cha kupanga Nyalenda, na mtoto alipokuwa bado wa kubebwa mgongoni, Opondo akaenda Busia kutafuta kazi ya mashine. Kutoka Busia akaenda Mwanza, kutoka Mwanza Mombasa, na kila alipofika aliona ni pazuri pa kuanzia safari nyingine, mpaka mwishowe akarudi Kisumu. Kwa kina Ajwang hakuwahi kupeleka hata ng'ombe mmoja. Na kwa Wajaluo, mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe ni wa ukoo wa mama. Mjomba wake, Ogola wa Katito, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Mwaka jana Ajwang alifariki. Opondo alisikia tangazo la mazishi kwenye redio, akaendelea kukata karatasi za watu.

"Wananiambia karatasi nzuri iko kwako," Lorine alisema. "Naolewa. Nataka kadi, lakini sitaki ya kung'aa. Mama alichapishiwa kwa ya kung'aa. Nyumba yote imejaa mama akicheka kwa hiyo karatasi. Nikiigusa tu, nasikia maua ya jeneza."

Opondo akamwekea sampuli mezani. Lorine alichukua moja yenye weupe wa ndani ya kombe la konokono, iliyochapwa majina ya maharusi wa mfano, akaigeuzageuza.

"Hiyo ni ya kudanganya," Opondo alimwambia. "Wino wa printa haushiki hapo. Sugua jina."

Lorine akasugua kwa kidole gumba. Herufi zikabanduka.

"Ehe, bwana harusi ameshakutoka," Mama Becky alisema kutoka mlangoni. "Na bado hata hamjala keki."

Lorine akacheka, na Opondo akapata ujasiri. Akashusha ile ya pamba, akaifungua nailoni. Lorine aliweka mkono juu yake na kuuacha hapo muda mrefu.

"Hii."

"Iko hii tu. Wanaoileta wameacha kuileta. Ikiisha, imeisha."

"Basi usiiharibu, Mzee."

Akamwonyesha maneno kwenye simu. *Mzee Ogola wa Katito na familia yake wanakualika kwenye harusi ya binti yao Lorine na Bwana Wechuli.* Opondo aliyasoma mpaka mwisho, akarudi juu, akayasoma tena.

"Na hapo pa jina la mgeni uache wazi," Lorine alisema. "Nitaandika mwenyewe, kwa mkono."

"Sawa, mama."

"Asante, Mzee."

Mzee. Ni neno la heshima, hata makondakta walimwita hivyo. Siku hiyo lilimkaa kooni kama mwiba wa ngege, samaki wa ziwani.

Karatasi kama ile haichapwi siku inayofunguliwa. Hewa ya ziwa ina maji. Usipoiacha izoee chumba, itajikunja mashineni. Opondo akaitandaza kwenye meza na kuisubiri, na katika kusubiri huko ndiko alikopotea. Alipanga herufi za risasi moja moja, akapanga jina la Ogola vizuri kabisa. Akalitazama. Akaling'oa. Akapanga: *Bwana Antony Opondo anakualika kwenye harusi ya binti yake*, na chini yake majina ya maharusi.

Alijiambia hivi: karatasi haina ya pili, harusi iko karibu, na kazi itakuwa nzuri kuliko yoyote iliyowahi kutoka Kisumu. Msichana ataishika, atakasirika kidogo, halafu moyo utalainika. Habari ya ng'ombe iliinua kichwa, akaisukuma kando. Akakanyaga mashine mpaka karatasi yote ikaisha. Jina lake lilizama ndani kiasi kwamba hata kipofu angelisoma.

Lorine alikuja kuzichukua akiwa na mjomba wake. Ogola alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevua kofia alipoingia. Alichukua kadi ya juu, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Kisha akampa Lorine.

Lorine akasoma. Akachukua nyingine kutoka katikati, akaisoma nayo.

"Bwana Opondo," Ogola alisema, "kazi yako ni safi. Sasa niambie, anayealika watu harusini ni nani? Si yule anayepokea ng'ombe? Watu wa kina Wechuli wanakuja kwangu. Wakisoma hii watauliza mbona wanapeleka ng'ombe Katito na baba yuko Kibuye. Hapo itabidi turudi nyuma mpaka kwa zile ng'ombe za dada yangu. Uko nazo?"

Opondo aliangalia mashine.

"Nimekuuliza kwa uzuri. Uko nazo?"

"Sina."

"Basi umealika watu kwa boma ambayo haiko."

Lorine bado alikuwa ameshika kadi mbili. "Karatasi nyingine iko?"

"Hakuna."

"Ulijua hakuna," alisema. Akazirudisha mezani taratibu, akizipanga kona kwa kona, akatoka. Ogola akavaa kofia na kumfuata.

Baada ya siku chache Opondo alizikata. Alipima chini ya mstari wenye jina lake, akashusha kisu cha mashine ya kukatia, na kilichobaki kilikuwa kadi fupi, pana, yenye majina mawili, tarehe na kanisa. Haikuwa mbaya. Mtu asiyejua angesema ndivyo ilivyobuniwa. Akazifunga, akazipeleka Nyamasaria, kwenye chumba alichopanga Lorine.

Alimkuta akifua nje. Juu ya kiti cha plastiki kulikuwa na kadi imewekewa jiwe isipeperuke. Ilikuwa inang'aa juani.

"Nimeziondolea lile jina," Opondo alisema. "Angalia."

Lorine akapangusa mikono kwenye leso, akachukua moja, akaipitishia kidole gumba juu ya majina yaliyozama.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini za kung'aa tumeshagawa. Zimefika mpaka Maseno. Hiyo ndiyo imebaki."

"Ungeniruhusu nije tu. Nikae nyuma."

"Usikuje, Mzee. Watauliza wewe ni nani, na hiyo siku mimi sitaki kujibu." Akaikunja leso, akaikunjua. "Pale pa jina la mgeni, nilipokuambia uache wazi. Ya kwanza ningeandika yako. Nilikuwa nimeshapanga. Sasa Mjomba hawezi kusikia habari yako."

Akamrudishia kadi, akainama tena kwenye beseni. Opondo alisimama mpaka povu likaisha, kisha akabeba mzigo wake.

Dukani, chini ya kisu cha kukatia, vile vipande vilikuwa bado vimelala lundo, kila kimoja na jina lake. Akavizoa kwa mikono miwili, akampelekea Mama Becky.

Mama Becky alichukua kimoja, akajaribu kukizungusha kifuko. Kikafunguka. Akajaribu tena, akakipasua pembeni.

"Hii ni ngumu, Baba, haikunjiki," alisema, akamrudishia. "Niletee ile ya matanga."