Ini Linaloamka Mapema

Mama alichomwa kidole akiwa bado amekaa ukingoni mwa kitanda. Mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyeshika mashine ya sukari, maana mama haoni vizuri. Usiku ilisoma saba. Asubuhi hii kumi na tatu.

"Umekula nini, Mama?"

"Sijala."

"Kwa hiyo sukari imepanda yenyewe? Ina ngazi?"

"Baba, nakwambia sijala."

Hakumwamini. Jioni alirudi na vifaa vyake, akachomelea komeo kwenye kabati la chuma la jikoni, akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Kazi safi, hata rangi akapiga. Mama naye, kwa kuiogopa ile mashine, akaanza kuruka chakula cha jioni. Akiulizwa, ameshiba. Sukari ya asubuhi haikushuka. Yeye ndiye aliyekonda, mpaka magauni yakaanza kumvaa yeye.

Fundi akaamua kumvizia. Alfajiri moja alikaa jikoni juu ya ndoo. Mlango wa chumba cha mama ukafunguka, likatoka ini. Mama mwenyewe alikuwa kitandani anakoroma. Lilikuwa ini la kawaida tu, limevaa ndala za mama. Lilimpita bila salamu, mbio mbio, kama mama enzi zile watoto wanachelewa shule.

Kabati halikuligusa. Lilichukua vikombe kwenye beseni la vyombo, likavipanga mezani, kimoja kwa kila mtoto, hata cha dada yake fundi aliyeolewa mbali. Likachota sukari ndani yake lenyewe, likagawa sawasawa. Likasubiri. Hakuja mtu. Basi likakusanya yote, likarudi nayo kwa mama, maana mama hajawahi kutupa chakula.

"Kawaida hiyo," nesi alisema walipokwenda zahanati. "Alfajiri ini linatoa sukari ili mtu apate nguvu ya kuamka. La kwake bado linadhani kuna watoto wa shule. Daktari atamwangalizia upya dawa ya usiku. Na wewe mama, kula jioni. Nani alikwambia uache?"

"Sikuwa na njaa tu," mama alisema.

Fundi alitazama viatu vyake.

Dawa ilibadilishwa, sukari ikashuka kiasi. Mama akarudi kula. Komeo likabaki. Kulikata ni kazi ya dakika moja, lakini angelikata ingebidi aseme kwa nini, na kila neno la samahani likipanda kooni anaishia kuushika ufunguo.

Siku hizi alfajiri anakaa mezani. Ini linamsukumia kikombe chake, analamba sukari yote, anakisuuza. Halafu mama anaamka, anasimama mlangoni.

"Umepata chochote, baba?"

"Nimepata, Mama."

"Haya. Nifungulie basi, nichukue chumvi."

Anamfungulia. Anasubiri achukue. Anafunga.