Mforsadi wa Ukutani

Fundi wa magitaa waliyemwita Kidole, kwa kuwa kimoja kililiwa na msumeno ujanani, aliitwa na dada yake mkubwa kuja kukata mforsadi wa uani. Mizizi ilikuwa imepasua ukuta wa chumba alichofia mume wa dada. Kidole alifunga karakana siku ileile. Mbao za mforsadi hazipatikani ovyo, nazo hutoa sauti tamu.

Shina lilikuwa limeegemea ukuta, palepale kilipokuwa kichwa cha kitanda cha mgonjwa. Alianza na matawi, kisha akalishusha shina kipande kwa kipande lisije likaangukia bati. Dada alikaa mlangoni, mgongo ameupa mti.

"Unaulilia, dada?" alimtania.

"Kata tu, mdogo wangu. Kata uuondoe."

Magogo aliyapasua mbao, akazipaka nta nchani zisipasuke, akazipanga karakanani na vijiti katikati ili hewa ipite. Ubao wa gitaa haukaushwi kwa pupa. Alingoja mwaka na nusu.

Asubuhi moja akachukua ubao, akauning'iniza kwa vidole viwili, akaugonga kwa kifundo asikilize mlio. Ulilia vizuri. Mkono ulikwisha rudi mfukoni ubao ulipogonga wenyewe, mara mbili.

Alidhani ni seremala wa jirani. Akatoka nje, akakuta mlango wa jirani una kufuli. Akarudi, akagonga tena mara moja. Ko. Ko. Safari hii ulitetemeka vidoleni mwake kama kifua cha mtu anayekohoa. Akajaribu wa pili, wa tatu, zote zilizobaki. Hizo zilikuwa mbao tu. Ni huo mmoja, uliotoka upande wa ukutani.

Alijikaza kisabuni siku tatu. Ya nne akapiga simu.

"Dada, usinicheke. Ule mti una kitu. Nikigonga mara moja, unajibu mara mbili."



"Za haraka au za polepole?" dada akauliza.

"Za polepole."

"Nakuja."

Alifika adhuhuri akiwa na ndala za ndani miguuni. Kidole alimpa kigoda, naye akasema bila kuulizwa.

"Shemeji yako ulimi ulipopooza, tulipatana. Akigonga ukuta mara moja, anataka maji. Mara mbili, njoo. Kutwa ilikuwa njoo, njoo. Siku ile nilikuwa jikoni, nikasikia. Nikasema moyoni, acha nipumzike kidogo. Akagonga sana. Halafu akaacha."

Kidole aliikumbuka siku ya msiba. Msibani watu walikuwa wamemsifu dada yake kwa uuguzi mpaka wengine wakaona wivu, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Kidole alidhani ni uchovu.

Dada aliupakata ubao. "Nimekuja, baba," akasema. "Nimechelewa, lakini nimekuja." Akagonga mara moja.

Wakangoja. Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa dirisha. Ubao ukagonga moja, ukagonga mbili, ukatulia kiasi cha mtu kuvuta pumzi, kisha ukagonga ya tatu.

"Tatu ni nini, dada?"

"Sijui." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tatu hatukuwahi kupatana."

Kidole alitaka kuutia motoni ubao ule siku hiyohiyo. Dada akakataa katakata. Akauviringisha kwenye shuka, akaondoka nao kifuani, mwendo wa mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Kwa mbao zilizobaki Kidole alitengeneza magitaa mawili, yakapendwa. Siku hizi akimpigia dada simu huzungumza vizuri tu, magoti yanauma, bati linavuja. Ila katikati ya maneno dada humwambia, "Subiri kidogo," akaiweka simu mezani. Kidole husikia mlango wa chumba kile cha mgonjwa ukifunguliwa, kisha sauti ya dada yake, kwa upole, ikitaja kitu kimoja baada ya kingine: mto? dirisha? taa? Hungoja mpaka salio liishe.