Pepo wa Alhamisi Alasiri

Masharubu ya Tumu yalikuwa ya masizi, kilemba alikiazima kwa shemeji yake, na jasho lilikuwa lake mwenyewe kabisa. Alikuwa sultani katika mchezo wa wanawake peke yao, na hii ilikuwa Alhamisi ya tatu. Mara mbili watazamaji walikuwa wamekimbia. Mwenye jumba la michezo, Jamaldin, alikwishasema kwamba wakikimbia tena, Alhamisi zao atazipa sinema.

Walichokikimbia ni harufu. Jumba lile la Mji wa Kale lilijengwa kabla ya vita vya kwanza, likawa ghala la mchele, kisha likarudia michezo. Kila bibi alijua kwamba siku lilipofunguliwa, bibi harusi mmoja alikuja amejifukiza udi, akaketi mbele, akacheka mpaka akafa. Tangu hapo hajatoka. Tumu hakuamini neno. Au tuseme aliamini kidogo.

Sultani ndio kwanza anamposa binti wa waziri, udi ukapanda kupitia nyufa za jukwaa.

"Yuwaja!" mtu akapiga ukelele.

Mabuibui yakaanza kuinuka. Tumu akaona mazoezi ya miezi sita yanatoka mlangoni, hasira zikaushinda woga. Akafunua kibao cha jukwaa, akajitosa chini, kilemba na yote.

Huko alimkuta Nabiha, mke mdogo wa mtunza jumba, akifukiza kanga zake juu ya chetezo.

"Kumbe pepo ni wewe!"

"Nistiri, dada Tumu! Zamu yangu ya mume yaanza kila Alhamisi. Nikifukiza nyumbani, Afaf huniomba udi kwa maneno matamu hata ukaisha."

Afaf ndiye mke mkubwa, naye alikuwa papo hapo juu, mstari wa pili. Tumu alitaka kucheka na alitaka kumzaba kofi. Kumtaja Nabiha ni kumwaibisha mbele ya mke mwenzake. Kunyamaza ni kuipoteza Alhamisi. Akapanda tena jukwaani, masharubu yamefika masikioni.

"Mabibi, nimemwona. Hana ubaya, na mchezo ameupenda mno. Asema atakayetoka kwanza, atamfuata hadi kwake."

Wote wakaketi pu!

Sultani akaoa kwa vigelegele, pazia likafungwa. Hakuna aliyeinuka. Likafunguliwa, akaoa tena. Bado wameganda vitini.

Jamaldin akabisha mlango kwa nje. "Bi Tumu! Mbona leo hawatoki?"

"Wameupenda, bwana!" Tumu akajibu, akaenda kumposa binti wa waziri mara ya tatu.