Ukurasa wa 187 na Harusi ya Ruža

Nyumbani kwetu, wiki ya maji televisheni haizimwi. Mto Danubi ukianza kupanda mwezi wa sita, tunafungua teleteksti, zile kurasa za maandishi, tunaweka ukurasa wa 187, tunakata sauti, na hapo inabaki mpaka mto utulie. Ukurasa huo una vipimo vya maji, kuanzia Ujerumani hadi kwetu huku chini ya mji wa Apatin. Una sehemu tatu zinazopokezana zenyewe, na ukikosa unayoitaka, unasubiri izunguke. Mto ukishuka, tarakimu ni za kijani. Ukipanda, nyekundu. Sisi tunasoma ya Budapest, kwa sababu maji yaliyoko Budapest leo yanatufikia baada ya siku mbili. Ya kwetu tunayaona dirishani.

Mwaka ule nilikuwa namwoza binti yangu Ruža, siku ya Jumamosi. Ukumbi hakuutaka. Alitaka uwanja wetu wa kando ya mto, upande wa pili wa tuta la kuzuia mafuriko, alikojifunza kutembea. Alitaka supu ya samaki ipikwe palepale, vyungu ishirini, kila kimoja na moto wake. Shida ni kwamba kipimo cha kwetu kikifika mita sita, uwanja ule unaanza kunywa maji, na tulikuwa tumealika watu mia mbili.

Radivoj, baba yake bwana harusi, ni mpima ardhi wa mjini Sombor. Alikuwa ameshika ukumbi wa hoteli, kwa tahadhari. Jumatano mchana akanipigia simu.

"Mkwe, watu wa hoteli wanataka jibu leo. Kuna wengine wanauulizia ukumbi."

"Waachie."

"Una hakika?"

Niligeuka nikatazama kioo cha televisheni. Budapest, kijani, kutoa sentimita kumi na mbili. "Mto unashuka, mkwe. Jana ulishuka, leo unashuka."

"Nakuuliza tena, una hakika?"

"Wewe unapima viwanja, mimi napima mto. Achia!"

Akaachia.

Alhamisi akaja mwenyewe kuleta mvinyo. Alikaa jikoni, akavaa miwani, akaanza kusoma ule ukurasa mstari kwa mstari kama mtu anayesoma hati ya shamba. Mimi sijawahi kuusoma hivyo. Mimi naangalia rangi tu.

"Mkwe, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hapa pameandikwa tarehe kumi."

Nikamwonyesha pembe ya juu ya kioo, sekunde zinahesabu. "Si unaona saa inakwenda?"

"Saa inakwenda. Ukurasa umesimama."

Mama mkwe wangu, Bibi Janja, alikuwa anakata tambi za harusi mezani. Hakuinua macho.

"Nimeusimamisha mimi," akasema. "Unakimbia mno. Sijamaliza Budapest, umeshaondoka. Nikabonyeza kile kitufe cha kuuzuia."

"Lini, mama?"

"Jumanne. Mbona hukulalamika? Nikajua na wewe unaupenda hivyo."

Nilichukua rimoti, nikaufungua. Ikapita sehemu ya kwanza, Ujerumani na Austria. Tukasubiri. Ikaja ya pili. Budapest, nyekundu, kujumlisha sitini na moja.

Mke wangu Manda akakaa kitini bila kuangalia kama kiti kipo. Ruža akaingia na ndoo ya vitunguu, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Baba yako ni mjinga," nikasema.

"Hilo tunalijua. Maji yanafika lini?"

Nilipiga simu hotelini. Ukumbi ulikuwa umekwisha kuchukuliwa. Nilimngoja Radivoj anitukane, na ningenyamaza, maana nilistahili. Badala yake alitoa penseli sikioni, akavuta gazeti, akaanza kuhesabu pembeni mwake. Mara mbili aliniuliza maji ya mwaka fulani yalichukua saa ngapi, nami nikamjibu, maana hayo nayajua.

"Jumamosi saa nane au tisa mchana yanaingia uwanjani," akasema mwishoni. "Hadi jioni, sentimita kumi juu ya majani. Hayazidi hapo."

"Kumi?" Ruža akauliza. "Kumi ni kifundo cha mguu!"

"Na viatu vyako vyeupe, mwanangu?" Manda akasema.

"Si vinavuliwa?"

Radivoj akatoka, akaenda kwenye gari lake, akarudi na kile chombo chake cha miguu mitatu. Tukapanda tuta, tukashuka uwanjani. Alinisimamisha na mti wa kupimia huku na huku kama kibarua. "Rudi nyuma. Kushoto. Kushoto kwako, mkwe, si kwangu!" Baada ya saa nzima alijua jambo ambalo mimi sikulijua kwa miaka thelathini: upande wa miti ya mipopla umeinuka kwa sentimita kumi na nane.

"Meza na mioto hapa," akasema. "Ngoma kule chini."

Tukasogeza ratiba yote iwe mapema. Padri alinung'unika, lakini akakubali kufungisha ndoa saa tatu asubuhi. Manda alikaa na simu mpaka sikio likawa jekundu: "Njooni mapema, na msivae soksi nzuri."

Jumamosi saa saba supu ilikuwa imeliwa, vyungu vinakwanguliwa. Saa nane na robo maji yakaja. Hayakupiga kelele. Yalipenya kati ya majani, membamba, yanang'aa, yakaenda moja kwa moja mpaka palipowekwa viti vya wanamuziki. Nilimtazama Ruža.

Alivua viatu, akamkabidhi mumewe. Akakunja gauni, akalichomeka kiunoni, akaingia majini.

"Ya baridi!" akapiga kelele. "Mnangoja nini?"

Walimfuata wasichana kwanza, halafu wote. Duara la ngoma likafungwa, likazunguka, maji yakiruka mpaka kwenye masharubu. Bibi Janja alibebwa na wajomba wawili, naye akiwapiga mabegani washuke haraka. Radivoj alibaki pakavu.

"Mkwe, shuka!"

"Nina goti bovu."

"Goti gani! Ingia!"

Akakunja suruali. Miguu yake ilikuwa myeupe kama unga. Akaingia taratibu, akitafuta pa kukanyaga, nikamshika bega upande mmoja, Ruža upande mwingine, tukamvuta katika duara. Mzunguko wa kwanza alikuwa anahesabu hatua. Wa pili alikuwa anaimba. Wanamuziki wakapanda juu ya viti vyao, maji yakiwa chini, wakaendelea kupiga bila kukatisha wimbo.