Alama Juu ya Paa

Fundi rangi alikuwa amepiga magoti juu ya paa la hospitali tangu asubuhi, akipaka alama nyekundu ya hospitali iliyozidi ukubwa wa chumba alicholala. Kwa sababu ya vita, maduka yalikuwa yamefungwa na malori hayavuki tena mpakani, kwa hiyo rangi haikutosha. Akaichanganya na ile ya kuzuia kutu inayopakwa kwenye mageti. Alikwenda kinyumenyume, kama wafanyavyo mafundi wote, asije akakanyaga kazi yake mwenyewe.

Chini yake, katika wodi ya wanawake, alilala mkewe. Ukuta wa nyumba yao ulikuwa umemwangukia, na sasa mguu wake ulivutwa kwa kamba iliyofungwa mawe ili mfupa uunge sawasawa. Muuguzi alishaonya kwamba asisogezwe hata kidogo.

Afisa wa misaada akapanda ngazi akihema, kizibao chake kisafi utadhani vita hivi havina vumbi.

"Hongera, fundi. Inaonekana vizuri?"

"Kwa walio juu au kwa sisi wa chini, mkubwa?"

"Walio juu, bwana! Hospitali haipigwi. Ndiyo sheria ya vita, pande zote zilitia saini. Na ramani tumewapa, wanajua tulipo."

"Na ile zahanati ya sokoni?"

Afisa akavua miwani, akaifuta. "Shambulio lile tulililaani. Tulitoa tamko kali sana."

Alama ya zahanati ile, fundi ndiye aliyeichora. Mistari ilinyooka hata akawaringia mafundi wenzake. Bomu likaingilia katikati ya alama, na hakutoka mtu hai. Kila upande ukasema waliopiga ni wa upande wa pili. Tangu siku hiyo fundi alikuwa akijiambia kwamba kilichoua ni vita, si rangi, lakini moyo ulikataa katakata.

"Malizia kingo tu, ukapumzike," afisa akasema.

Akamalizia kingo, tena kwa uangalifu, maana mikono yake haikuzoea kuharibu kazi. Akasafisha brashi. Kisha akashuka moja kwa moja hadi wodini na kuanza kuifungua kamba ya mawe.

Mkewe akashtuka. "Baba watoto, unafanya nini?"

"Tunakwenda kwa dada yako, waliko watoto."

"Na mguu je?"

Muuguzi akaja mbio. "Fundi, umechanganyikiwa? Ukimtoa sasa mfupa utaunga vibaya. Atachechemea maisha yake yote!"

"Bora achechemee, dada."

"Lakini hapa ndipo penye usalama! Si wewe mwenyewe uliyetuchorea alama?"

Fundi aliona haya kuwatazama wanawake wengine wa wodi ile, kwa sababu mgongo wake ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

"Nimeichora," akasema. "Hakuna rubani atakayesema hakuiona."

Akainama. Mkewe akamshika shingoni, na alipoinuliwa alipiga yowe, kisha akauma kitambaa chake. Walipofika mlangoni, mwanamke wa kitanda cha mwisho, aliyefungwa bandeji kiunoni, akainua mkono.

"Kaka, ukishamfikisha, utarudi unichukue na mimi?"

"Nitarudi, dada," akasema, akijua kwamba anadanganya.

"Asante, kaka." Yule mwanamke akashusha mkono, akageuza uso, akawa anatazama dari.